MICHE INAWEZA KUOTESHWA BARAZANI

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, bibi shamba mstaafu, kwenye mkutano wa wanachama hapa Morogoro. Yamechapwa kwa ombi la wanachama waliohudhuria na wale ambao hawakuweza kufika.)

   

Mwenyekiti aliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya kilimo cha mboga. Nikamwambia, mama, nusu saa haitoshi hata kwa mchicha peke yake. Kwa hiyo leo sitasema habari ya mbolea, wala dawa, wala soko. Nitasema habari ya miche tu, kwa sababu nina ombi ninalotaka kikundi kilijadili, na ombi lenyewe linahusu miche na sanduku letu.

Mama Mweka Hazina aliniruhusu niangalie daftari la mikopo, majina yakiwa yamefunikwa. Kila mwaka kuna vipindi viwili ambapo mikopo ya kilimo inapanda. Cha kwanza ni Agosti na Septemba, watu wanapojiandaa kwa vuli. Cha pili ni Januari na Februari, kabla ya masika. Na ukisoma ile sehemu ya "madhumuni ya mkopo" utakuta maneno yale yale: kununua miche. Kununua miche ya nyanya, kununua miche ya hoho, kununua miche ya kabichi. Hiyo ni fedha inayotoka sandukuni miezi mitatu au minne kabla mwanachama hajauza hata fungu moja. Riba inatembea, na mche bado haujashika ardhi.

Mnajua pia yaliyotupata. Kuna mwenzetu aliletewa miche ya nyanya akaambiwa ni aina fulani, ilipozaa akakuta ni kitu kingine kabisa, vinyanya vidogo ambavyo wachuuzi wa sokoni walivikataa. Kuna mwingine miche yake ilikuja na ugonjwa wa rasta tayari, majani yamejikunja toka kitaluni. Wote wawili walilipa mikopo yao, tunawashukuru. Lakini tunajua walilipa kwa hela ya maandazi na ya kusuka nywele. Shamba halikuwarudishia kitu.

Ombi langu ni hili: kikundi kiache kutoa mkopo wa kununua miche. Kiwe kinanunua mbegu kwa pamoja, na miche tuoteshe wenyewe majumbani. Najua wapo mtakaopinga. Nimekwishasikia mlangoni mtu anasema, "Huyu mama ana uwanja mkubwa, sisi wapangaji wa chumba kimoja tutaoteshea wapi, kitandani?" (Kicheko.) Haya, tuanze na hilo hilo la nafasi.

Robo eka ya nyanya, ukipanda kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 50, inataka miche kama 3,300. Ukisikia 3,300 unaona shamba zima la kitalu. Sasa chukua ubao mmoja wenye urefu wa meta 2 na upana wa sentimeta 30. Kiriba kidogo cha mche kinataka sentimeta 5 kwa 5 tu. Kwenye urefu vinakaa 40, kwenye upana vinakaa 6. Ubao mmoja una miche 240. Panga mbao mbili, moja juu ya nyingine, hapo ukutani barazani, una miche 480. Akina mama saba wenye mbao mbili kila mmoja wana miche 3,360. Robo eka imekwisha na chenji imebaki. Na anayetaka bustani ya nyumbani tu, ya miche hamsini au mia, huyo hahitaji hata ubao mzima. Kile kichanja chake cha kuanikia vyombo kinamtosha, mradi sufuria zihamie upande mmoja.

Tuseme mche unauzwa shilingi 100. Bei mnazijua nyinyi kuliko mimi, kila mtu aweke ya kwake. Miche 3,300 kwa shilingi 100 ni shilingi 330,000. Mbegu za nyanya, gramu moja ina mbegu kama 300. Ukiweka na za ziada kwa ajili ya zisizoota, unataka gramu 14 au 15 kwa robo eka nzima.  Pakiti ya mbegu kwa mtu mmoja mwenye bustani ndogo ni nyingi mno. Anapanda kidogo, inayobaki inakaa kabatini mpaka inakufa. Lakini pakiti hiyo hiyo kwa watu saba inatumika yote ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana nasema jambo hili linafaa kikundi kuliko mtu mmoja mmoja.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Siyo kila mboga inataka mche. Karoti usioteshe mche, utapata karoti zenye miguu mitatu. Bamia na kunde pia vipande moja kwa moja, mizizi yao haipendi kuhamishwa. Mchicha unamwagwa tu kwenye tuta na siku ya tatu au ya nne unauona. Zinazotaka mche ni nyanya, nyanya chungu, biringanya, hoho, kabichi, sukuma wiki na vitunguu. Hizo ndizo nitakazozisemea, na zaidi nyanya, maana ndiyo inayokopewa zaidi.

Vyombo. Watu wanapenda sana kuuliza habari ya vyombo, na mimi naona hilo ndilo jambo dogo kuliko yote. Zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini kwetu, na hatujapungukiwa. Pakiti za maziwa zinafaa. Chupa za maji zilizokatwa katikati zinafaa. Makopo yanafaa, toboa chini kwa msumari. Maganda ya mayai, ambayo naona vijana wanayapiga picha, yanapendeza kweli, lakini udongo wake ni wa kiganja cha mtoto. Siku kumi mizizi imejaa na ganda linakauka kabla ya saa sita. Mayai tule, maganda tuyaponde tuyaweke kwenye mbolea.

Mimi napendekeza kiriba cha gazeti. Tafuta chupa ya dawa ya kikohozi, ile ndogo, kila nyumba yenye watoto ipo. Kata gazeti vipande virefu vyenye upana wa sentimeta 12. Zungusha kipande kwenye chupa, acha sentimeta kama 4 zitokeze kwenye kitako. Hizo zikunje kwa ndani chini ya kitako, gandamiza kwenye meza, halafu vuta chupa. Kiriba kimebaki. Hakuna gundi, hakuna uzi. Tumia karatasi ya gazeti la kawaida, siyo zile za magazeti yanayong'aa, hizo hazinywi maji wala hazivunjiki ardhini. Mtoto wa darasa la nne anatengeneza viriba hamsini akisikiliza redio.

Uzuri wa kiriba cha gazeti ni kwamba unakipanda pamoja na mche wake, mizizi haiguswi. Na ile karatasi inayozunguka shina inamzuia sota asikate mche usiku, kwa siku zile za kwanza. Ila kuna jambo moja: siku ya kupanda, ule ukingo wa juu wa karatasi uuchane uondoe, usiache ukatokeza juu ya udongo. Ukitokeza, jua linavuta maji kupitia kwenye karatasi kama utambi wa taa, na mche unakauka huku umemwagilia.

Gazeti linavumilia wiki nne, tano kwa shida. Nyanya na kabichi zinamaliza ndani ya muda huo. Hoho haimalizi. Hoho ni mvivu, anakaa kitaluni wiki sita mpaka nane, kwa hiyo yeye mpe pakiti ya maziwa, au kikopo, au kiriba cha majani makavu ya mgomba, ambayo huko kwetu milimani Uluguru hayanunuliwi. Vitunguu navyo vinakaa wiki sita hadi nane, lakini hivyo havitaki kiriba. Sia kwenye beseni bovu lililotobolewa, vikifika unene wa penseli unang'oa na kupanda.

Udongo. Hapa ndipo penye kazi. Changanya debe tatu za udongo wa juu wenye rutuba, debe mbili za samadi iliyooza vizuri, na debe moja ya mchanga. Samadi iliyooza haina harufu wala joto, ukiishika mkononi ni kama udongo. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Udongo usiuchukue mahali palipowahi kupandwa nyanya, biringanya, hoho, viazi mviringo au tumbaku. Hizo zote ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni ya ukoo. Mnyauko ukiwa ardhini unakaa miaka, na wewe utakuwa umeuchota mwenyewe kwa koleo na kuupeleka barazani.

Udongo ukishachanganywa, upikwe. Msicheke. Ule wa kusia mbegu ni kidogo, unautia kwenye karai kuukuu, unaunyunyizia maji uwe na unyevu, unafunika, unaweka juu ya moto mdogo mpaka mvuke utoke, kisha unaacha kwa nusu saa. Unaepua, unaacha upoe kabisa. Asiyetaka karai anaweza kumwagia maji yanayochemka, nayo yanasaidia kiasi. Kwa udongo mwingi wa viriba 480, ambao ni kama ndoo tano za lita 20, kupika wote kunamaliza mkaa. Huo ulowanishe, utandaze juani, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, pembeni ukandamize kwa mawe, uache wiki nne mpaka sita wakati wa jua kali. Joto linaua wadudu, magugu na vijidudu vya magonjwa vilivyo vingi. Maana yake, mwenye kutaka kusia mwisho wa Agosti aanze habari ya udongo mwanzoni mwa Julai. Ndugu zangu, kilimo cha miche ni cha kalenda.

Kabla hujasia, jaribu mbegu. Hesabu mbegu 20, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kitie kwenye kopo lenye mfuniko, weka jikoni mahali pa joto la kawaida. Kitambaa kisikauke. Nyanya baada ya siku nane au kumi zihesabu. Zikiota 17 au 18, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, unajua kabisa kwamba utasia mara mbili, au bora urudishe dukani. Hii ndiyo faida kubwa ya kununua mbegu badala ya miche: mbegu unaweza kuipima kabla ya kumaliza hela. Mche ukishaletwa kwa pikipiki saa kumi jioni utamrudishia nani?

Na mnaponunua, nunueni pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Someni tarehe. Mbegu ya vitunguu hasa haina maisha marefu, ikishapita mwaka mmoja kwenye joto letu usiiamini. Nyanya inavumilia miaka mitatu, minne, ikitunzwa pakavu.

Kuna swali la chotara. Chotara zina mavuno mazuri, lakini mbegu yake ni ghali na huwezi kutunza ya msimu ujao, maana watoto hawafanani na mama. Kwa wanaoanza, mimi nasema waanze na Tanya au Tengeru 97. Hizo ni aina zilizotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, na siyo chotara. Unachagua matunda mazuri kutoka kwenye mmea mzima usio na ugonjwa, unakamua mbegu, unaziacha na maji yake siku mbili au tatu mpaka ule utelezi utoke, unaosha, unaanika kivulini. Msimu unaofuata hununui kitu. Mwenye uzoefu akitaka chotara, haya, ila asimwage. Mbegu moja, kiriba kimoja.

Kusia. Dumu la njano la lita 20 lililopasuka, likate kwa urefu, kila nusu ni trei. Toboa matundu chini. Jaza udongo uliopikwa, kina cha vidole vinne. Chora mistari ukiacha sentimeta 5 kati ya mstari na mstari, sia mbegu moja moja, kila sentimeta 1, kina cha nusu ya ukucha mpaka sentimeta 1, fukia kidogo. Nusu moja ya dumu inachukua mbegu kama 200. Nusu tatu zinakupa zaidi ya ile miche 480 yako. Funika kwa majani makavu au gazeti mpaka zianze kuchungulia. Kabichi inachungulia siku ya nne au ya tano, nyanya siku ya tano mpaka ya nane, biringanya wiki moja na zaidi, hoho mpaka wiki mbili. Hoho imewafanya wengi wafukue kutazama kama mbegu ipo. Msifukue.

Siku zikichungulia, siku hiyo hiyo ondoa mfuniko. Ukichelewa siku mbili tu, miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa miembamba kama njiti na haisimami tena. Kabla ya kuota trei zinaweza kukaa popote, hata chini ya ubao wa chini, maana mbegu hizi hazihitaji mwanga ili ziote. Zikiota zinataka mwanga wa kutosha. Ndiyo maana nimesema mbao mbili, sikusema nne. Baraza linalotazama mashariki ni zuri kuliko yote: jua la asubuhi mpaka saa nne au tano, halafu kivuli cha paa. Ubao wa chini unapata mwanga kidogo, kwa hiyo kila siku mbili badilisha, wa chini wapande juu. Na mbao zisimamishwe kwa matofali, katikati pia weka tofali. Udongo ukiloa, ubao mmoja unabeba kilo 60 na zaidi. Msije mkasema bibi shamba aliwavunjia mbao.

Mche ukishatoa jani la kweli la kwanza, hilo linalofuata yale mawili ya mwanzo, unahamishiwa kwenye kiriba chake. Ushike kwa jani, usiushike kwa shina. Jani likivunjika litaota jingine, shina likibonyea mche umekwisha. Mvuta sigara na mnusa ugoro anawe mikono kwa sabuni kwanza. Ipo virusi ya tumbaku inayokwenda kwenye nyanya kwa vidole. Kwa hiyo baba akija kusaidia, karibu baba, lakini sabuni ile pale.

Sasa nifike kwenye maji, nami hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miche mingi ninayoitwa kuiangalia haikufa kwa kiu. Imekufa kwa kupendwa. Mama anaamka, anamwagilia. Mchana anaona jua kali, anamwagilia. Jioni baba anarudi, anasema mbona hamjamwagilia, anamwagilia na yeye. Siku ya tatu miche inaanguka yote upande mmoja, kama imekanyagwa. Ukiangalia shina pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba, limeoza, kama limebanwa na uzi. Huo unaitwa kinyausi. Ni ukungu unaokaa kwenye udongo, na unachotaka ni vitu vitatu: maji mengi, miche iliyosongamana, na hewa isiyotembea. Ukiviondoa hivyo vitatu, pamoja na kuupika ule udongo, hutahitaji dawa ya dukani.

Mwagilia asubuhi, siyo usiku, ili uso wa udongo ukauke kabla ya giza. Ingiza ncha ya kidole kwenye udongo. Kama kuna unyevu, acha, hata kama roho inakusukuma. Kwa trei za kusia ni vizuri zaidi kuzisimamisha ndani ya beseni lenye maji kidogo kwa dakika kumi, maji yapande yenyewe kutoka chini, kisha uzitoe. Kwa viriba, chukua chupa ya maji ya kunywa, toboa mfuniko matundu madogo kwa sindano iliyopashwa moto. Hiyo ndiyo kopo lako la kumwagilia. Viriba 480 vinakunywa kama nusu ndoo kwa siku, siku ya joto kali zaidi kidogo. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni usitumie, na maji ya kisima yenye chumvi yanaunguza miche michanga.

Kinyausi kikianza kona moja ya trei, usingoje. Ng'oa miche ya hapo pamoja na udongo wake, tupa mbali, acha maji siku hiyo, sogeza trei penye upepo. Mara nyingi unaokoa iliyobaki.

Adui wa pili ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa jani. Hao ndio wanaoleta rasta. Mche ukiumwa nao ukiwa na wiki mbili, hauzai tena kitu cha maana, na hakuna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni kufunika mbao zako kwa neti yenye matundu madogo au kitambaa chepesi cha pazia la zamani tangu siku ya kuchungulia mpaka siku ya kupeleka shambani. Chandarua unacholalia usikishushe, malaria ina gharama kuliko nyanya. Hapa ndipo kuotesha nyumbani kunapomshinda muuza miche wa barabarani. Wewe una mbao mbili za kufunika, yeye ana uwanja mzima ulio wazi.

Wengine ni kuku, na hao mnawajua wenyewe. Na sisimizi, wanaobeba mbegu moja moja mpaka trei inabaki tupu nawe unamlaumu mwenye duka. Kwa sisimizi, simamisha matofali au miguu ya kichanja kwenye makopo yenye maji.

Baada ya wiki mbili kwenye kiriba miche ikianza kufifia rangi, loweka samadi ya kuku iliyooza, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, iache siku chache, chuja, mwagilia kidogo chini ya mche. Mara moja kwa wiki inatosha. Ukizidisha unapata mche mnene wa majani, laini, unaoanguka siku ya kwanza shambani.

Wiki ya mwisho ni ya kukomaza. Punguza maji, ongeza jua kidogo kidogo: leo saa tano za jua, kesho sita, mpaka siku ya saba ukae nje mchana kutwa. Mche wa nyanya unaofaa kuhamishwa una wiki tatu hadi nne tangu kuota, una majani manne au matano ya kweli, unene kama wa penseli nyembamba, na rangi ya shina imeanza kuwa ya zambarau kidogo. Mrefu sana siyo mzuri. Panda jioni, mwagilia, na kesho yake hutaona hata mmoja umelegea.

Nirudi kwa wapangaji. Mwaka 2008 huko Kibera, Nairobi, shirika la Kifaransa linaloitwa Solidarités liliendesha mpango wa bustani za magunia. Gunia linajazwa udongo, mawe katikati ya kupitishia maji, miche inapandwa juu na pembeni. Watu wengi wanazungumzia yale magunia. Mimi kilichonivutia zaidi ni kwamba miche ilioteshwa pamoja kwenye vitalu, kisha kaya zikagawiwa. Kaya moja moja isingeweza. Sisi wa nyumba za kupanga tufanye hivyo hivyo: katika kila kundi la watu saba, wawe wawili au watatu wenye baraza linalofaa, mbao zikae kwao, na wengine wachangie udongo, viriba na zamu ya kumwagilia. Zamu iandikwe. Zamu isiyoandikwa ndiyo inayozaa wamwagiliaji watatu kwa siku moja, na yaliyobaki nimekwishayasema.

Na mwenye nyumba aombwe mapema, kwa heshima, siyo aamke akute mbao ukutani kwake. Mpelekeeni na miche ishirini ya sukuma wiki siku ya kwanza.

Mtu mmoja ameniuliza pembeni kama ombi langu likikubaliwa, mwanachama aliyeugua au aliyesafiri akakosa kusia atafanyaje, atanyimwa mkopo? Naona swali ni la haki. Ndiyo maana nashauri kila kundi lisie asilimia kumi zaidi. Ya ziada iwe ya kikundi, wauziwe kwanza wanachama waliopata dharura, kwa bei ndogo, na fedha iingie mfuko wa jamii. Ikibaki iuzwe nje. Lakini kiwango na bei ni kazi ya mkutano, siyo yangu. Na asiyetaka kabisa kuotesha, ana uhuru wa kununua miche kwa fedha yake. Nakataa isitoke sandukuni tu.

Mama Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia na utaratibu. Nimenunua pakiti mbili za Tanya, risiti ninayo. Mbegu 20 kutoka kila pakiti nimeziweka kwenye kitambaa tangu juzi, na Jumamosi ya wiki ijayo tutazihesabu hapa hapa mbele ya wote. Pakiti itakayoota chini ya 15 naipeleka dukani Jumatatu. Kila mmoja aje na chupa ya dawa ya kikohozi, magazeti ya zamani, na mkasi kama anao. Wenye dumu lililopasuka walilete likiwa limeoshwa. Mama Katibu anaandika majina ya makundi ya watu saba pale kwenye meza ya chai, na wanaoishi jirani jirani wajiandikishe pamoja. Udongo tutachota kule nyuma ya ofisi ya mtaa, tumekwisharuhusiwa, na hapajawahi kupandwa nyanya.